Redio, simu, ukumbi au mtu: utaupata wapi muziki wa kuupenda hapa Dar

Watu wengi hupita Sinza kwa Remmy kila siku, na wengi wao hawajawahi kukaa wakasikiliza kazi za Remmy Ongala, mwanamuziki aliyeliachia eneo lile jina lake. Si kwamba hawapendi muziki. Muziki wanao kutwa: kwenye daladala, saluni, bajaji, kwa jirani mwenye shughuli. Wanachokosa ni msanii wao. Ukiwauliza albamu gani wameisikiliza toka mwanzo hadi mwisho mwaka huu, wanasita. Vibao wanavijua, waliovipiga hawawajui.

Ulinganisho huu ni wa mtu wa namna hiyo, anayetaka kutoka kwenye kusikia na kuingia kwenye kusikiliza, kisha aweze kumwambia mwenzake "tafuta hii" akiwa na sababu. Njia zilizopo mkononi kwa mkazi wa Dar naziona nne: redio, programu za muziki kwenye simu, ukumbi wenye bendi, na mtu anayejua muziki. Kila moja ina watu wanaoiapia, na kila moja ina kitu ambacho nyingine haina.

Vigezo

Nitazipima zote nne kwa mambo yaleyale. Kwanza kilichomo: ni muziki wa aina gani na wa miaka gani. Pili gharama, ikiwemo ile isiyoandikwa popote, kama nauli ya kurudi nyumbani usiku. Tatu, je, unapata wimbo mmoja au kazi nzima ya msanii? Nne, unapata kujua unachosikia: nani anaimba, nani anapiga gitaa, mwaka gani? Tano, hela yako inamfikia nani. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Hicho kigezo cha tatu kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu kwetu albamu haikuwa kila kitu tangu zamani. Bendi za dansi za miaka ya 1960 hadi 1980 zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na nyimbo zikarushwa hewani. Baadhi zilitoka kwenye santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi, wimbo mmoja kila upande. Ndiyo maana bendi kubwa inaweza kuwa na nyimbo nyingi mno na isiwe na albamu hata moja iliyopangwa kama albamu. Kanda ndizo zilizoleta mazoea ya albamu, na Bongo Fleva ilizitumia vizuri: Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ni kazi ya kusikilizwa kwa mpangilio. Kanda na CD zilipokufa sokoni, wasanii wakarudi kwenye kutoa wimbo mmoja mmoja. Sasa programu za simu zimeirudisha albamu, kama A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz mwaka 2018 na Only One King ya Alikiba mwaka 2021. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "albamu ipi?", jiulize ni muziki wa zama zipi. Kwa zama nyingine swali sahihi ni "bendi ipi, na mwimbaji yupi?"

Redio

*Kilichomo.* Redio ni pana kuliko vijana wengi wanavyodhani. Clouds FM, East Africa Radio na Wasafi FM zitakupa Bongo Fleva iliyotoka juzi. EFM ni miongoni mwa vituo vilivyoipa singeli nafasi hewani wakati wengi bado waliiona ni ya vigodoro tu, zile sherehe za mtaani za usiku. TBC Taifa ndiyo mrithi wa RTD na maktaba yake, na huko unaweza kukutana na kibao cha dansi ambacho hukipati kwenye programu yoyote ya simu. Vituo vingi vina saa zao za zilipendwa, hasa mwisho wa wiki.

Udhaifu wake ni marudio. Nyimbo chache zinazotamba hupigwa asubuhi, mchana na jioni, na ule mmoja uliokugusa ndio huusikii tena.

*Gharama.* Hakuna njia rahisi kuliko hii. Redio ndogo ya betri inatosha, na simu nyingi za bei nafuu zina FM ndani yake. Chomeka tu spika za masikioni za waya, maana waya huo ndio antena. Bando halitumiki.

*Wimbo au kazi nzima.* Wimbo mmoja, na mara nyingi haufiki mwisho. Nyimbo za dansi zinaumia zaidi hapa, kwa sababu hukatwa pale magitaa yanapoanza kuchanganya.

*Kujua unachosikia.* Inategemea mtangazaji. Yupo anayepiga nyimbo tano bila kutaja jina hata moja, na yupo anayekuambia solo hili la nani, bendi ilikuwa chini ya nani, mwimbaji alihama mwaka gani. Ukimpata wa pili, shika kipindi chake. Andika saa wimbo ulipopigwa na mstari mmoja wa mashairi, ndivyo utakavyoupata baadaye.

*Hela.* Kisheria nyimbo zinazorushwa zinapaswa kulipiwa mirabaha. Wewe msikilizaji huchangii moja kwa moja.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi na mikono yake, fundi, mpishi, dereva, mshonaji, na yeyote anayependa kushtukizwa na asichokitafuta. Redio inakupa wimbo ambao usingeuchagua mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa.

Programu za simu

*Kilichomo.* Boomplay huja ikiwa imeshawekwa kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, ndiyo maana imeenea mitaani. Audiomack ina wafuasi wake, Spotify ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, na YouTube iko kila mahali. Kwa Bongo Fleva ya miaka ya karibuni, zote zinatosha.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba humo kuna albamu nzuri sana za muziki wetu zilizotolewa nje. Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989, ilitoka Uingereza chini ya lebo ya Real World, na ni mahali pazuri mno pa kuanzia kumjua. Mfululizo wa Zanzibara wa Ufaransa umekusanya rekodi za pwani na visiwani: namba 3 ni ya miaka ya 1960, na namba 5, Hot in Dar, inachukua dansi la jiji hili kati ya 1978 na 1983. Ukisikiliza hiyo namba 5 kwa ukamilifu, utaelewa kwa nini wazee wanatikisa kichwa jina la bendi ya Mlimani Park likitajwa. Kwa singeli, Sounds of Sisso ya mwaka 2017 ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na walioitoa ni lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Pengo liko kwenye rekodi za RTD. Zilizomo ni sehemu tu, na nyingi zimepandishwa na watu binafsi kwa majina yaliyokosewa. Hapa ujanja wa kutafuta ndio unaoamua. Bendi ya NUTA iliyoanza 1964 ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Ukitafuta jina moja tu unakosa miongo mizima. Tafuta kwa mtindo pia: Sikinde ni Mlimani Park, Msondo ni NUTA na warithi wake, Ndekule ni Safari Sound. Halafu mfuate mwimbaji badala ya bendi. Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba NUTA, akawa Mlimani Park tangu bendi ilipoanza 1978, akapita Safari Sound, akarudi Msondo. Ukiifuata sauti yake umepita kwenye nusu ya historia ya dansi la Dar, bila kufungua kitabu. Hassan Bitchuka naye anafuatika hivyohivyo.

Mwaka ulioandikwa kwenye programu usiuamini. Mara nyingi ni mwaka wa kupandisha wimbo, na kibao cha 1975 kinaonekana cha juzi.

*Gharama.* Bando ndilo swali. Albamu ya dakika 45 kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde hula takribani MB 32, na kwa kilobiti 320 inafika MB 108. Video inakula zaidi ya hapo, kwa hiyo anayesikiliza muziki YouTube huku simu iko mfukoni analipia picha asizozitazama. Shusha ubora kwenye mipangilio, pakua albamu ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni, usikilize njiani. Kupakua bila kikomo kwa kawaida kunataka malipo ya mwezi.

*Wimbo au kazi nzima.* Hapa simu inazishinda njia zote, lakini kwa sharti kwamba uiongoze wewe. Ikiachwa ijiongoze, inakuletea kinachofanana na ulichosikiliza jana, kama muuza genge anayekufungia nyanya kila ukipita kwa sababu siku moja ulinunua nyanya. Wiki moja ya amapiano, na mwezi mzima unalishwa amapiano. Zima kuchanganya nyimbo, zima kuendelea yenyewe, fungua albamu na uanze wimbo wa kwanza.

Na albamu hazifanani ujenzi. A Boy from Tandale ilibeba nyimbo kadhaa ambazo tayari zilikuwa zimetoka peke yake, na imejaa kolabo, wakiwemo Ne-Yo na Rick Ross, kwa hiyo ni nzuri kama mlango wa kutokea kwenda kwa wasanii wengine. Machozi, Jasho na Damu ina mtu mmoja anayelitazama jiji, na wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu, Ndiyo Mzee, unauma zaidi ukiukuta katikati ya wenzake kuliko ukiusikia peke yake. Mimi nampa anayeanza hii ya pili kwanza. Atakayependa sauti ya kisasa na midundo ya kuchezeka atafurahi zaidi na ya kwanza, na hakuna ubaya.

*Kujua unachosikia.* Jina la mwimbaji utaliona. Mpiga gitaa, prodyuza na mtunzi mara nyingi huwaoni. Maelezo ya chini ya video, na hata maoni ya watazamaji wazee, wakati mwingine yana habari kuliko programu yenyewe.

*Hela.* Kila usikilizaji unalipa kiasi kidogo sana, ila unahesabiwa. Hakikisha uko kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, kwa sababu nyimbo zilizopandishwa na mtu baki, hesabu yake humwendea huyo mtu baki.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira ya kutafuta, anayesafiri muda mrefu kwenda kazini, na anayetaka kumjua msanii mmoja hadi mwisho.

Ukumbi

*Kilichomo.* Dansi, taarab, singeli, na muziki wa majaribio wa vijana, kutegemea unakwenda wapi. Msondo Ngoma na Sikinde ni majina ambayo kila mpenda dansi anapaswa kuyaona jukwaani angalau mara moja. Twanga Pepeta na FM Academia waliwaleta vijana kwenye dansi kwa kasi nyingine kabisa. Nafasi Art Space, Mikocheni, huandaa maonyesho ya wasanii ambao redio haiwapigi. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, ni pa ngoma za asili. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza wiki hiyohiyo kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna kitu cha dansi kinachoeleweka ukumbini tu. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa, watu wamekaa na vinywaji vyao. Kisha kinakuja chemko: magitaa yanajibizana, ngoma inapanda, na viti vinabaki vitupu. Redioni sehemu hiyo hukatwa, na kwenye simu huwa fupi. Ukumbini bendi inaikuza kwa kuwatazama wachezaji, ikiona jukwaa limejaa haimalizi. Ukishaiona mara moja, rekodi za zamani zinakufungukia, kwa sababu unajua sasa pale gitaa la pili linapoingia, watu walikuwa wanafanya nini.

Taarab nayo ina yake. Anayekwenda kumtunza mwimbaji hachagui mstari ovyo, anangoja ule unaosema lililo moyoni mwake, ananyanyuka na noti mkononi, na aliyekusudiwa kule kwenye meza ya pili anaelewa. Mashairi ya taarab ukiyasikia bila kuwaona wanaonyanyuka, umesikia nusu.

*Gharama.* Hii ndiyo ghali kuliko zote. Kiingilio chenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kinywaji, na usafiri wa saa nane usiku, maana daladala hakuna. Panga na wenzako mkae mtaa mmoja, mchangie gari la kurudi. Kwa dada zangu hilo ni la lazima, na mezani mjue nani anaondoka na nani. Baadhi ya bendi hupiga mchana au jioni za Jumapili, na kwa anayeishi mbali hizo ndizo nafasi za kushika.

*Wimbo au kazi nzima.* Si albamu, lakini unapata saa kadhaa za bendi moja, na humo zimo nyimbo ambazo hazijawahi kurekodiwa.

*Kujua unachosikia.* Muulize mtu wa meza ya jirani. Mashabiki wa bendi wanapenda kuulizwa, na wanajua mpiga besi alitoka wapi.

*Hela.* Inafika. Kiingilio kinawafikia, na noti unayomtunza mwimbaji unamwekea mkononi mwake.

*Inamfaa nani.* Anayependa kucheza, anayependa watu, na yeyote aliyewahi kusema dansi ni muziki wa wazee. Mwenye watoto wadogo au anayeamka saa kumi kwenda kazini ataipata mara chache, na hapotezi sifa ya upenzi wa muziki kwa hilo. Akiweza kutoka mara moja kwa mwaka, avuke bahari mwezi Februari kwenda Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe tangu 2004, akaone wasanii wengi kwa siku chache.

Mtu anayejua

*Kilichomo.* Kile alichonacho yeye tu. Anaweza kuwa baba mdogo mwenye kanda kabatini, DJ wa mtaani, mwenzako wa ofisini, au mzee wa santuri. Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote nne, na bado naiona ina nguvu ya pekee, kwa sababu mtu anakuuliza maswali. Ukimwendea mzee wa santuri ukasema, "Shikamoo mzee, natafuta nyimbo za zamani," atakuitikia "Marahaba mwanangu," kisha atakuuliza, "Za zamani zipi? Za Mbaraka, au za Marijani?" Hapo hapo umejua kwamba kuna Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz upande mmoja, Marijani Rajabu na Dar International upande mwingine, na kwamba unatakiwa kuwasikiliza wote wawili ndipo uwe na jibu. Hakuna programu inayokuuliza hivyo.

Mipaka ni ya mtu mwenyewe. Yupo atakayekuambia muziki uliisha Marijani alipofariki mwaka 1995, na yupo kijana atakayekuambia kabla ya Diamond hapakuwa na kitu. Tafuta watu wawili waliopishana umri, na uwape wote masikio sawa.

*Gharama.* Muda, na pengine soda. Wapo pia wale wa vibandani wanaokujazia nyimbo kwenye flashi au memori kadi kwa bei ndogo. Ni haraka na hakuhitaji bando, na mtu wa kibanda huwa anajua kinachotamba mtaani kabla ya redio. Lakini nyimbo zinakuja bila majina ya maana, albamu zimevunjwavunjwa, na msanii hapati hata senti. Kama huna njia nyingine, sikiliza humo ujue unampenda nani, kisha huyo mmoja mtafute kwenye njia inayomlipa.

*Wimbo au kazi nzima.* Mjuzi wa kweli anakupa vyote viwili kwa mpangilio: anza na huu, ukiupenda rudi nikupe kanda nzima.

*Kujua unachosikia.* Hapa kuna utajiri na hatari pamoja. Atakusimulia nani alimnyang'anya nani mwimbaji, wimbo ulimlenga nani, ukumbi gani ulijaa. Visa ni vitamu, ila miaka na majina yahakiki kwingine kabla ya kumsimulia mtu.

*Inamfaa nani.* Asiyejua aanzie wapi kabisa, na anayependa kisa cha wimbo kama anavyoupenda wimbo.

Unapompendekezea mwenzako

Ukishapata wako, utataka kuwapa wengine. Usimtumie mtu viungo thelathini WhatsApp, hatafungua hata kimoja. Mpe wimbo mmoja, mwambie kwa nini umemfikiria yeye, na mwambie ausikilize akiwa wapi. Albamu ije baada ya yeye kuuliza.

Na anzia kwenye anachokipenda tayari. Mpenda rumba ya Kongo mpe Remmy Ongala, ambaye mwenyewe alizaliwa Kongo akaja kufanyia kazi hapa, halafu Hot in Dar. Mpenda midundo ya kompyuta mpe Sounds of Sisso, akiizoea kasi yake mrudishe kwenye mchiriku wa Jagwa Music, albamu Bongo Hotheads ya 2012, asikie vinanda vidogo vya Casio na ngoma vinavyokimbizana. Mpenda hip hop hana sababu ya kutomjua Professor Jay. Mpenda sauti za asili mpe Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki 2003, mwimbaji na mpigaji wa zeze na ilimba asiye na mfano, kisha Uhamiaji ya mwanawe Msafiri Zawose, ya 2017, ambamo ala zilezile zimekutana na vyombo vya kisasa. Anayependa taarab ya leo, yenye vijembe na kinanda, mrudishe taratibu kwa Bi Kidude, na akivumilia mikwaruzo ya santuri, mfikishe kwa Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay kuanzia 1928.

Akikataa, mwache. Muulize tu ni nini hakikumkaa, sauti, kasi au urefu. Jibu lake litakuonyesha umpe nini mara nyingine.

Uchague kwa hali yako

Kama bando ni la kubana na simu yako ni ndogo, shika redio kwa siku za kawaida, na chagua kipindi kimoja cha zilipendwa na kimoja cha muziki mpya uvifuate kwa mwezi mzima. Wi-Fi ikipatikana, pakua albamu moja tu, ile ya msanii ambaye redio imekupendezesha.

Kama unakaa Mbezi, Chanika au Kigamboni na unatumia saa nyingi barabarani, simu ndiyo yako. Foleni ya Morogoro Road inatosha albamu nzima, na siku mbaya inatosha mbili.

Kama umekulia kwenye Bongo Fleva na unataka kurudi nyuma, usirukie miaka ya 1960 moja kwa moja. Nenda kwa Professor Jay na Lady Jaydee kwanza, kisha Remmy Ongala, kisha Mlimani Park. Na ujipe usiku mmoja wa ukumbini kabla ya kuingia kwenye rekodi za RTD.

Kama wewe ni mtu mzima unayeona muziki wa sasa ni kelele, mtafute kijana wa nyumbani akuchagulie nyimbo tatu, naye umchagulie tatu zako. Mkae mzisikilize pamoja, kwa spika moja, na kila mmoja aeleze sababu zake.

Kama unataka hela yako imfikie aliyepiga, nenda ukumbini. Ukishindwa, sikiliza kwenye ukurasa wake rasmi.

Kama una mgeni wa siku mbili kutoka mkoani au nje ya nchi na anataka kuujua muziki wa Dar, mchana mfungulie redio ya dereva wa bajaji na usiizime. Usiku, kama bendi ipo, mpeleke mapema apate kiti karibu na magitaa, na siku ya kuondoka mwekee kwenye simu yake albamu moja ya dansi na moja ya singeli, zote mbili nzima, kwa mpangilio wake.